Fomu Yako Chini ya Godoro Langu

Riyadh,
17 Novemba 2017

Kwa mdogo wangu Elphas,

Salamu nyingi zikufikie hapo chuoni. Kichwa kimepona? Nyuzi zimetolewa? Mimi mzima, ila magoti yanalia, kwa sababu madam ameweka marumaru mpya na anataka ing'ae kila asubuhi.

Barua hii inaletwa na Rosebellah, tuliyekuja naye huku. Mkataba wake umeisha, anarudi nyumbani kabisa. Mpe chai na usimchoshe kwa maswali.

Niliposikia wenzako wa bweni wamekupiga kwa sababu unapenda wanaume, nililia jikoni mpaka wali ukaungua. Kisha ukaniambia yaliyofuata. Kwamba mkuu wa kitivo cha sheria alisimama mbele ya wanafunzi wote akasema atakayekugusa tena, wewe au walio kama wewe, atamjibu yeye. Kwamba Kasisi Paul amekupa chumba karibu na nyumba yake, na kila Jumatano wewe na hao walio kama wewe mnaketi naye, mnakunywa chai, na hakuna anayewakemea pepo. Chuo cha kanisa, Elphas! Machozi yangu yalikauka papo hapo.

Uliniomba jambo dogo tu: niweke sahihi kwenye fomu ya chumba hicho, maana mimi ndimi mlezi wako tangu mama atuache, la sivyo mwisho wa mwezi chumba atapewa mwingine. Nikaichapisha dukani pale mtaa wa Shumaisi. Halafu nikakuambia Biblia hairuhusu, ningali naomba Mungu anionyeshe. Ukanijibu kwa adabu kwamba utangoja. Hiyo adabu nayo iliniudhi.

Sikuomba hata siku moja. Fomu yako ililala chini ya godoro langu wiki tatu, kama vile pasipoti yangu inavyolala kwenye droo ya madam. Nikaonja utamu wa kuwa kafili wa mtu, mwajiri ambaye bila ruhusa yake huendi popote. Nilikuonea wivu, ndugu yangu, wivu mbaya.

Unamkumbuka Magdaline, niliyekuambia ni rafiki? Alikuwa mfanyakazi wa dada yake madam, wakija hapa kila Ijumaa. Nampenda, mwaka wa pili sasa. Mabosi wake wakahamia Jeddah. Madam aliponipeleka huko likizo ya shule, nilimwona siku nne, na pa kukaribiana palikuwa kwenye sinki tu, watu wawili tukisugua sufuria moja. Madam akaingia akasema halas, sufuria moja haihitaji watu wawili, yalla, Magdaline akapige pasi. Hilo ndilo penzi langu lote. Na wewe una chumba, una kasisi, una chai ya Jumatano! Mimi nani amewahi kuniuliza hata kama nimelala vizuri?

Magdaline ndiye aliyenigombeza kwenye simu. Aliniuliza, nikishakunyima chumba hicho, mimi nitakuwa nimepata kipi. Nikaitoa fomu chini ya godoro.

Basi sahihi hiyo hapo, nisamehe. Palipoulizwa uhusiano wangu na mwanafunzi, nimeandika "dada yake". Kisha nikaongeza "naye ni kama yeye". Usifute. Mpe Kasisi Paul hivyo hivyo, aiweke kwenye faili la chuo.

Nisalimie wote wa Jumatano, hata nisiowajua. Madam anaita, acha nikimbie.

Ni mimi dada yako,
Eucabeth