Mama Leonisa Gumban na Kitambaa cha Mlango wa Wodi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke, na waliotutaka tuombe radhi kwa niaba yako bado wanasubiri. Waendelee kusubiri.

Walisema umekufa kwa adhabu ya Mungu. Ulikufa kwa kiharusi. Presha ulikuwa nayo miaka mingi, na wewe uliyewafokea wagonjwa wa kisiwa kizima cha Panay wameze dawa, zako ulikuwa ukizisahau juu ya friji. Hilo ndilo kosa lako tunalolijua, na hasira yake hatujaimaliza.

Tunaikumbuka mikono yako. Kila ulipotoka kazini hospitalini tulitaka kuushika mkono wako tuuguse kwa paji la uso, kama mtoto yeyote anavyomwamkia mzazi, nawe uliuficha nyuma. "Ngoja! Huu umetoka maabara." Ulinawa mpaka viwiko ndipo ukatupa baraka. Wageni walidhani unaringa. Ngozi ilikupasuka kwa sabuni, tukakupaka mafuta ya nazi huku ukiuliza kama wali umeiva.

Kisha ukaja ule msimu wa vichanga. Mtoto anazaliwa mzima, siku chache baadaye anachemka homa, hanyonyi, anazikwa. Uliiotesha damu yao kwenye visahani vyako, ukaona bakteria wa aina moja, wasiosikia dawa yoyote iliyokuwa stoo. Ukaanza kuwasaka walikojificha. Ulipitisha vijiti vya pamba kwenye mabomba, kwenye vitanda, kwenye chupa za maziwa, hata kwenye simu ya daktari mkuu, naye hakufurahi. Mwisho ukapitisha kwenye miguu ya sanamu ya Mtoto Yesu mlangoni pa wodi, na kwenye kitambaa chake alichokidarizi shangazi yetu Pacing. Kila aliyeingia aliipangusa miguu ile kwa kitambaa, kisha akampangusa kichanga uso kwa kitambaa hicho hicho, apate baraka.

Wakaota bakteria wale wale. Dawa zilizoshindwa kwenye damu zikashindwa na hapo.

Ulikichoma kitambaa. Ukaiosha sanamu na kuifungia kwenye sanduku la kioo, ukaweka sabuni mlangoni, ukasimamia wodi nzima isuguliwe. Homa ikakoma. Ndipo Shangazi Pacing, dada yake Baba na kiongozi wa kina mama wa sala, alipoingia jikoni kwetu bila hodi.

"Wifi, umempima Mtoto Yesu kama mwizi!"

"Sijampima yeye. Nimeipima mikono yetu inayomshika."

"Na imani yangu, umeipima?"

"Imani yako haioti kwenye kisahani, wifi. Kitambaa chako kimeota. Kaa ule pansit, lakini nawa kwanza."

Hakuzila tambi zile. Januari kina mama wa sala wakakuondoa kwenye wabeba sanamu wa maandamano ya Mtoto Yesu, nawe ukatembea nyuma yao na mshumaa wako, kichwa juu. Siku tulipokuzika shangazi alisimama nje ya uzio wa makaburi.

Mwezi huu tulimwomba atuongozee sala za kuvua nguo nyeusi za msiba, kwa kuwa mtaani hakuna mwingine anayezijua zote. Akajibu kwamba kwanza tutangaze hapa hapa, kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako, kuwa ulikosea. Tulilia, Mama, hatukufichi. Mwaka mzima tumevaa nyeusi tukiingoja siku hiyo, na sasa ilionekana tutakuaga bila sala. Baba akasema, "Hatuandiki. Nitaongoza mwenyewe." Baba, ambaye sala ya chakula humpotea katikati!

Wiki iliyopita Marivic, binti yake shangazi, akajifungua. Manesi wakamkuta shangazi kwenye sinki la mlangoni, mikono ya gauni imekunjwa, povu mpaka viwikoni.

"Kumbe mama! Si ulisema sabuni ni dharau?" nesi mmoja akamwuliza.

"Nyamaza. Mjukuu wangu yumo ndani."

Jana akapita getini kwetu, hakuingia.

"Jumamosi nakuja kusalisha," akasema. "Ila siombi radhi kwa mtu."

"Na sisi hatuombi," Baba akamjibu.

"Vizuri. Wekeni maji."

Kwa hiyo Jumamosi tunavua nyeusi, Mama. Pansit ipo, na beseni litakuwa mlangoni. Asiyetaka kunawa atasali kutoka barabarani. Na kwa wale wanaonong'ona kwamba sanduku la kioo liondolewe pale wodini: njooni tu, mtatukuta.

Tunautamani mkono ule uliopasuka, hata ungechelewa kutoka nyuma ya mgongo wako.

Unakumbukwa na mumeo Teodorico, wanao Rosalie, Dindo na Arlyn, mkwe wako Jofel, na wifi yako Pacing, ambaye tumemwandika bila kumwuliza. Unakumbukwa pia na watoto waliotoka wodi ile wakiwa hai, ambao hawajui jina lako. Tutawaambia.

Hatutakusahau kamwe. Wala hatuombi radhi.