Unajua Umemgusa Nani?

Baba yangu,

Shikamoo. Hapa Cheyo, Tabora, tu wazima, ila nimeudhika. Katika ukoo huu ni wewe tu uliyewahi kushika filimbi, kwa hiyo nakuandikia wewe ingawa hupo tena.

Unakumbuka ile mechi uliyoichezesha Sikonge? Nilikaa nyuma ya goli, vumbi likitupaka sote rangi moja. Namba tisa wao, Mgogo aliyependwa na mji mzima, alikuita kipofu mbele ya watu. Ulipochomoa kadi ya njano akacheka: "Aa, mtani! Tangu lini Mnyamwezi akamkasirikia Mgogo?" Babu zetu walitukanana hivyo hivyo njiani tangu enzi za misafara, na mtani hashtakiwi. Mashabiki wakapaza sauti: "Refa, tumekuja kumwona huyo!"

"Basi mwambieni acheze, mumwone," ukawajibu. Kisha ukamgeukia mwenyewe: "Mtani wangu yuko nje ya mstari. Humu ndani namjua namba tisa."

Mechi ilipokwisha alikunyang'anya kofia kwa haki ya utani, akaondoka nayo. Ulirudi nyumbani kichwa wazi, unacheka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uwanjani hapa Tabora kikazi. Nyota wa timu ya Dar es Salaam alimpiga kiwiko beki wetu Masanja, kijana wa Ziba. Mwamuzi akampigapiga nyota begani, wakacheka. Kipindi cha pili Masanja aliucheza mpira, safi kabisa. Nyota akaruka, akaanguka, akagaagaa. Penalti. Kadi nyekundu. Nimeangalia marudio mpaka macho yakauma: mguu wa Masanja ulikutana na mpira tu.

Nilimkuta nje ya chumba cha kubadilishia nguo, viatu mkononi.

"Kaka, nilimuuliza refa kosa langu," alisema. "Akaniambia, 'Unajua umemgusa nani?'"

Wapo wanaosema nyota hupewa faulo nyingi kwa sababu ndiye anayekaa na mpira. Ni kweli, nami nimewahi kuandika hivyo. Lakini hoja hiyo haielezi kile kiwiko. Sheria za mpira hazina kifungu cha majina. Mwamuzi anayeuliza "nani" kabla ya "nini" ni shabiki mwenye filimbi. Avue jezi ile, akate tiketi, akae jukwaani na wenzake.

Na anayelipia ni Masanja. Yuko kwenye majaribio, na kocha alipanga kuamua mkataba wake baada ya mechi ijayo. Sasa mechi hiyo ataitazama.

Nilimshauri aushinikize uongozi ukate rufaa. Alinijibu bila hasira, na hapo ndipo aliponichoma: "Hapana, kaka. Siku nyingine nyota yule akija na mpira, nitampisha."

Beki, Baba. Beki anajifunza kupisha.

Pumzika. Mimi narudi mezani kuandika habari ya Jumamosi, na jina la mwamuzi nitaliandika lote.

Kifunguamimba wako