Siku Kondoo Walipokwisha

Mwaitu mpendwa,

Bado nakuita hivyo. Wiki ile ya kwanza uliyokuja kukaa nami Dagoretti ulinikataza kukuita mama mkwe. Ulisema hilo ni jina la mtu anayekuja na kurudi, na wewe hukuwa na mpango wa kurudi. "Kwetu mama ni mwaitu," ukaniambia. Kwetu sisi Wakikuyu ni maitu. Kwa siku nyingi ulimi wangu uliteleza nikakuita kama nilivyomwita mama yangu mzazi, na wewe hukunisahihisha. Kikamba chako nilikisikia nusu, Kikuyu changu ulikisikia nusu, kwa hiyo mambo mazito tuliyazungumza kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata leo, ukiwa umelala kwenye udongo wa kwenu Mwala, nakuandikia kwa Kiswahili.

Nataka kukukumbusha mambo yetu, hata yale ambayo hatukupenda kuyasema.

Mutua wako, mume wangu, alipotea miezi michache baada ya uchaguzi ule ambao watu walicheza barabarani, kila mtu akiamini Kenya imepona. Asubuhi hiyo alikunywa chai amesimama, akalalamika kwamba nimemtilia sukari kidogo, akatoka. Alikuwa akiuza mabomba na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko River Road. Saa ya chakula cha mchana alimwambia mwenzake anakwenda kula, akaacha koti lake kwenye kiti. Hakurudi kulichukua. Watu waliojaa kwenye barabara ile walikuwa wamemwona kila siku kwa miaka, lakini siku hiyo hakuna hata mmoja aliyemwona.

Ulifika kesho yake na mfuko mmoja. Tulianza na vituo vya polisi, tukaenda hospitali, kisha ikabidi twende mochari. Mlangoni ulinishika bega. "Kaa hapa nje," ulisema. "Wewe bado kijana. Hizi vitu zitakukaa kwa macho." Ukaingia peke yako. Ulipotoka ulikwenda moja kwa moja kwenye mfereji wa maji ulioko uani, ukanawa mikono kwa muda mrefu ingawa hukuwa umegusa kitu, kisha ukaniambia, "Si yeye." Tulirudi huko mara nyingi, na kila mara ulinikataza kuingia. Sikuwahi kukuuliza ulichokiona humo, na hukuwahi kunisimulia. Najua tu kwamba siku hizo ulikuwa huli nyama, na sisi tulikaa karibu na machinjio, mahali ambapo kila kibanda kinachoma mbuzi.

Watu walisema mengi. Kwamba amechukuliwa na majambazi. Kwamba polisi wamemuua kimakosa wakaficha. Kwamba ana mwanamke Eldoret. Wewe ulisikiliza yote bila kubishana na mtu, ukaendelea kusimama kuomba katikati ya chumba chetu cha mbele asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, na jioni nikirudi. Uliomba kwa Kiswahili ili na mimi niseme amina. Ulikuwa ukimweleza Mungu Mutua yukoje, kana kwamba Mungu ndiye aliyepewa kazi ya kumtafuta: mrefu kiasi, mwenye alama ya moto kwenye mkono wa kushoto, anacheka kwa pua.

Ukimaliza, nilipiga simu yake. Ilikuwa desturi yetu. Yule mwanamke wa simu alijibu kwa sauti yake ile ile, kwamba mteja wa nambari niliyopiga hapatikani kwa sasa. Mara ya kwanza uliponiuliza anasema nini, nilikuwekea simu sikioni. Ulisikiliza mpaka mwisho.

"Amesema kwa sasa," ukaniambia. "Hakusema hapatikani kabisa."

Tangu siku hiyo ukawa unataka kumsikiliza mwenyewe.

Unakumbuka mwalimu yule wa Biblia ambaye mchungaji wetu alimwalika Jumapili moja alasiri? Kijana mpole, ametoka chuo cha wachungaji, amevaa sweta iliyomzidi ukubwa. Alitufundisha neno moja tu. Alisema pale ambapo Biblia yetu inasema sadaka ya daima, Waebrania wanasema tamid. Ni kondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku, iwe sikukuu au siku ya kawaida. Mimi nilikuwa nikidhani ibada ya daima ni kuomba bila kunyamaza, kama mfereji uliovunjika. Yeye akasema sivyo. Kuhani alimaliza kazi yake, akala, akalala kama mtu yeyote. Lakini kukipambazuka kondoo lazima awepo. Alisema maana yote ya neno hilo iko hapo, katika kurudi kwa wakati wake, usiruke siku, hata kama jana hukuona jibu.

Ulinyoosha mkono. Nilishtuka, maana hukuwa umewahi kusema neno katika kanisa lile.

"Mwalimu, na kondoo wakiisha?"

Kijana akasema walikwisha kweli. Mji ulizingirwa na adui, watu wakafa njaa, ikafika siku hakukuwa na kondoo wa kupeleka na sadaka ikakoma. Akasema Wayahudi wanafunga saumu siku hiyo hata leo, na kwamba baadaye waliweka sala mahali pa kondoo, sala ya asubuhi na sala ya jioni.

Tukirudi nyumbani tulipishana na lori la mbuzi na kondoo likikata kona kuingia machinjioni. Nikafanya mzaha kwamba watu wa Dagoretti wangemsaidia kuhani, maana kwetu kondoo hawaishi. Hukucheka.

"Mimi sina kondoo," ulisema. "Niko na mdomo. Na asubuhi iko, na jioni iko."

Ulilitamka tamidi, ukaliongezea irabu likakaa vizuri kinywani mwako. Ukianza kuchelewa asubuhi, ulijikemea mwenyewe: "Tamidi, tamidi," huku ukitafuta kitambaa cha kichwa.

Mwaitu, miaka ikapita. Nilikuwa nikipiga pasi kwenye duka la dobi pale Hurlingham, na kutwa nzima mikononi mwangu yalipita mashati ya waume wa watu. Jioni nilifika nyumbani na kukuta umekwisha kuosha uso, unaningoja ili tusimame. Kuna jioni nilikuchukia. Mimi sikuwa mke na sikuwa mjane. Kaka yangu Kamau alikuja na wazee wawili, wakapendekeza tufanye ibada ya kumbukumbu, watu waomboleze, maisha yaendelee. Ulipoteza ule upole wako wote. "Mtu akiwa safarini hamfanyii matanga," uliwaambia, ukasimama ukaanza kukusanya vikombe vya chai kabla hawajamaliza kunywa.

Walipoondoka nilikuambia neno ambalo nyumba yetu haikuwa imewahi kulisikia. "Mwaitu, Mutua amekufa."

"Umeona mwili?"

"Sijaona."

"Mimi nimeona miili mingi," ulisema. "Haikuwa yake. Hiyo ndiyo kitu najua."

Jioni ile uliomba kama kawaida. Amina yangu sikuisema, nawe ulingoja, ukaisema mwenyewe.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Kulikuwa na manyunyu, umeme ulikuwa umepotea tangu mchana, na chumba kilinuka mafuta ya taa ingawa nje bado kulikuwa na mwanga. Uliomba. Nilipiga namba bila hata kuiangalia, nikakuwekea simu sikioni, nikageuka kuangalia chai jikoni. Nikakusikia umevuta pumzi.

Simu ilikuwa inaita.

Nilikuona uso, mwaitu. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukifunguka hivyo. Ulikuwa kama msichana wa miaka ishirini. Ulinishika mkono ukanibana.

"Mutua," ulisema. "Mutua, ni mwaitu."

Kisha ukasikiliza. Mkono ulionishika ukalegea pole pole, ukanipa simu kana kwamba imekuwa nzito.

"Sasa, ni nani anaongea?" ilikuwa sauti ya kijana. Nyuma yake kulikuwa na muziki na kelele za mjini.

Nikamwambia tunamtafuta Mutua, mwenye namba hiyo.

"Zii, simjui huyo msee. Hii laini nimebuy juzi tu hapa tao." Akangoja. "Huyo mathe amenishika vibaya. Ameniita mtoto yake."

"Ni mtoto wake tunamtafuta. Alipotea."

"Alipotea aje?"

"Alitoka kwenda kula."

Muziki ukapungua, nadhani alikuwa amejisogeza pembeni. "Mwambie mathe pole," alisema. "Mwambie si mimi nimeichukua. Hiyo namba nilipewa tu na laini."

Nilikueleza kwamba kampuni za simu huchukua namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika na kumuuzia mtu mwingine. Ulikaa kitini mpaka chai ikafanya utando juu, kisha ukaenda kulala ukiwa na kitambaa chako kichwani.

Asubuhi hukusimama. Nilivaa pole pole makusudi ili nikupe muda. Ulikuwa umegeukia ukuta. Jioni nilikukuta hapo hapo, na siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Mimi niliyekuwa nimetamani sala ile ikome, ilipokoma sikujua niweke wapi mwili wangu katika chumba kile. Nilikuwa nikisikia majirani wakipika, wakigombeza watoto, redio ya mlango wa pili, na kwetu kimya. Ulikula vijiko viwili vya uji ukasema umeshiba. Presha yako ilipanda, miguu ikavimba. Daktari aliandika vidonge, ukavimeza kwa sababu nilikusimamia.

Asubuhi moja nikiwa tayari kutoka, nimevaa koti na mkoba begani, nilisimama katikati ya chumba mahali pako. Sikuwa na imani, mwaitu. Nilikuwa na woga tu, kwamba nikirudi jioni nitakukuta umekufa katika kimya kile. Nikafumba macho nikasema, "Mungu, ni sisi wa hapa Dagoretti. Mutua. Mutua mwana wa mama huyu. Amina." Sikuweza kuongeza hata neno moja.

Kutoka kitandani ukasema, "Hukuomba arudi."

"Nimeshindwa, mwaitu."

Niliweka mkoba chini. Nikajua nimechelewa kazini na sikujali.

"Hata mimi nimeshindwa," ulisema. "Kondoo wangu wameisha." Kisha ukajiinua kwa kiwiko ukanitazama, na macho yako yalikuwa makavu. "Lakini jina lake umelitaja. Jioni ukuje ulitaje tena."

Ndivyo tulivyoishi tangu siku hiyo mpaka mwisho wako. Wewe umeketi kitandani, mimi nimesimama. Hatukumwomba Mungu kitu. Tulitaja jina, tukasema amina, nikaenda kuchemsha maji. Jioni moja, nikikupaka mafuta miguuni, uliniambia nikipata mtu mwema nisiogope, niende, hutanilaumu hata ukiwa kaburini. Nilikuambia tusizungumze hayo. Ukasema, "Nazungumza sasa kwa sababu bado niko na mdomo."

Ulikufa mchana, nikiwa Hurlingham. Jirani ndiye aliyekufumba macho. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa, kwamba mimi niliyekurudia kila jioni sikuwa na wewe saa ile.

Kamau ndiye aliyenisindikiza River Road kuchapisha programu ya mazishi. Msichana wa kompyuta alikuwa mwepesi wa vidole, akaandika jina lako, kijiji chako, akafika kwenye watoto. Binti zako wawili wa Mwala aliwaandika. Akafika kwa Mutua, vidole vikasimama.

"Huyu tuandike marehemu?"

Kamau aliniangalia. Nilijua anachotaka niseme, na hakuwa na nia mbaya.

"Hapana," nilisema.

"Kwa hivyo yuko? Nimweke na wenye wamebaki?"

"Hapana."

"Sasa madam, lazima iwe moja."

Nikamwambia aandike Mutua. Asiweke neno mbele wala nyuma. Aliandika, akanitazama kuona kama nitabadili mawazo, kisha akabonyeza kitufe na mashine ikaanza kutoa karatasi.

Kule Mwala, mchungaji aliposoma watoto wako alifika kwenye jina lile akasimama. Nilimwona akitafuta kwenye mstari neno linalomwambia amtaje namna gani. Halikuwepo. Akasema, "Mutua," kwa sauti ya kawaida, akaendelea. Wanawake wa kwenu waliokuwa nyuma yangu wakaitikia amina, ingawa hapo si mahali pa kuitikia.

Sijapata mtu, mwaitu. Sijatafuta sana. Bado niko kwenye vyumba vile viwili, bado napiga pasi, na namba ile sipigi tena. Ni ya kijana wa watu. Sitakudanganya kwamba nimekuwa mtu wa imani. Ziko siku natoka mbio nikasahau, nikakumbuka nikiwa nimeshafika kazini, nikalitaja jina kwa mdomo uliofungwa huku mvuke wa pasi ukinipanda usoni. Siku hizi yanakuwa majina mawili. Sijui kama hiyo ni ibada au ni mazoea ya mtu aliyeachwa. Mwalimu yule angejua. Mimi najua tu kwamba kukikucha natafuta mahali pa kusimama.

Kesho naingia kazini mapema. Nitawataja kabla sijafunga mlango, nikiwa na nguvu. Nisipokuwa nazo, mnisamehe wote wawili, nitawataja jioni.

Kwa sasa nakuacha upumzike.

Binti yako wa Dagoretti,
Wanjiru