Stika Tatu Kwenye Shati la Zawadi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandika nikiwa nimesimama mbele ya kabati la vyombo kwa sababu tangu Jumapili iliyopita kukaa kitini kumenishinda, nikikaa nainuka, nikiinuka naenda mpaka getini, nikifika getini nasahau nilifuata nini, narudi, na mama watoto ameniambia nikiendelea hivi zulia litatoboka.

Jumapili hiyo nilitimiza miaka hamsini. Siku yenyewe nilikuwa naiogopa tangu mwaka uanze, maana nilipokuwa na arobaini nilijiambia kwamba nikifika hamsini nitakuwa mtu aliyetulia, anayejua anachokitaka, kumbe nimefika na goti la kushoto linauma na ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja tu wa kidevu kama mtu aliyepakwa unga. Lakini nikwambie ukweli, asubuhi ile niliamka na furaha iliyonishangaza mwenyewe, nikanywa chai nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu juani, redio ikashika stesheni bila kuguswa waya, na mwanangu mkubwa akapiga simu, na kwa mara ya kwanza hakuniomba ushauri wala kitu, aliniuliza tu nimelalaje, nikajisemea kumbe hamsini ndiyo hii, mbona haina ubaya.

Sasa nikueleze kazi yangu ili uelewe kosa langu. Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha nguo, mwaka wa ishirini na sita huu, meza yangu iko mwisho wa laini, shati likitoka kwenye mashine ya mwisho linakuja kwangu, nalipindua ndani nje, napitisha kidole gumba kwenye kila mshono, nikikuta kosa nabandika stika ndogo nyekundu yenye mshale, na shati linarudi kwa aliyelishona akalifumue. Sisemi neno, stika ndiyo inasema. Akina mama wa kwenye mashine wananiita Bwana Stika, wanadhani sijui. Ile roli ya stika inakaa mfuko wa kifuani siku zote, hata Jumapili, nikibadilisha shati naihamisha pamoja na kalamu bila hata kufikiri.

Mtoto wetu wa mwisho ni binti wa miaka ishirini na moja, ana jina la marehemu mama yangu kwa hiyo namwita Mama, anasoma ushonaji katika chuo kimoja si mbali na nyumbani, na alichagua mwenyewe, mimi sikumshawishi, ingawa siku aliyoniambia nilitoka nje nikajifanya naangalia bomba ili asione ninavyocheka peke yangu. Basi mchana ule watu walikuja, ndugu, majirani, wenzangu wawili wa kazini, keki ikawekwa mezani, wakaniimbia, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akahutubia mpaka mishumaa ikaanza kudondokea keki, na alipomaliza binti akaja na bahasha kubwa akasema ni shati, amenishonea mwenyewe. Nikaja kusikia baadaye kwamba alikuwa analishona kwa siri miezi mitatu, saa nilizokuwa kazini. Watu wakapiga makofi. Mshauri, macho yalijaa kwa furaha, na mimi mbele za watu huwa sijui kulia, nikaona bora niipe mikono kazi, na mikono yangu inajua kitu kimoja tu.

Nililipindua shati ndani nje. Ncha ya kola ya kushoto imepanda milimita mbili kuliko ya kulia. Chini ya kwapa la kulia mshono umeruka, hatua tatu. Pindo la chini limejipinda pale linapokutana na mshono wa ubavuni. Nikabandika stika, moja, mbili, tatu, naapa sikujua ninachokifanya mpaka ya tatu ilipokwisha kushika. Shemeji akasema jamani, hata zawadi inarudishwa kwenye laini, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ndipo nikamwona binti uso. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hata leo, Baba?" Akalichukua shati mikononi mwangu, akalikunja vizuri, akatoka. Keki tuliikata bila yeye.

Jumatatu hakwenda chuo, Jumanne hakwenda. Mama yake ndiye aliyenifungua macho kwamba mtihani wa mwisho wa vitendo uko mwisho wa mwezi, siku kumi na nne toka leo, kila mwanafunzi apeleke shati la kiume alilolishona mwenyewe, na binti alikuwa amepanga nilivae siku yangu, kisha aliazime, alifue, alipige pasi, alipeleke. Jumatano nimeingia jikoni nikamkuta mama yake anaepulia sufuria kwa mkono wa lile shati. Binti amelikata vipande akavitundika kwenye msumari wa vitambaa vya jikoni, na kipande chenye kola bado kina stika yangu. Cherehani kaifunika shuka. Jana kaenda kuomba kazi kwenye duka la vifaa vya simu, na amesema akipewa anaanza mara moja, chuo basi.

Kinachonimaliza ni kwamba hajanuna. Ananiamkia, ananitengea chakula, ananiita Baba, kila kitu kiko mahali pake na sina pa kushika. Nimefikiria nimwambie shati halikuwa na kosa, nilikuwa natania, lakini anaijua kazi, anajua nilichokiona, na mimi katika miaka ishirini na sita sijapitisha kitu chenye kosa huku nikiliona. Isipokuwa wiki hii. Alhamisi nimepitisha shati lenye mfuko uliokaa upande, nililiona, mkono ukagoma.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi sijui kushona. Hata kifungo, kikikatika anakirudishia mama watoto. Nimekagua mashati yasiyo na idadi na duniani hakuna nguo hata moja iliyotoka mkononi mwangu, na tangu nitimize hamsini jambo hili naamka nalo na kwenda nalo kazini, natembea nalo humu ndani kama unavyonisikia. Je, nimdanganye binti, ninyamaze yapite, au nimwambie nini? Nisaidie kabla lile duka halijamjibu.

Ni mimi,
Mkaguzi niliyekosa pa kukaa

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Mkaguzi,

Nakuita mdogo wangu kwa sababu hamsini nimeipita zamani, na magoti yangu yanauma yote mawili. Vuta kiti ukae. Zulia halijakukosea.

Pole, kwanza. Nakuamini kwamba ulikuwa na furaha na kwamba mikono ilikutangulia. Mtu akifanya kazi moja miaka ishirini na sita, kazi inamzoea kuliko anavyoizoea yeye. Stika ya kwanza nakusamehe, ya pili nakusamehe kwa shida. Lakini kucheka pamoja na shemeji yako hakukuwa kazi ya mikono. Hapo ulikuwa macho, na binti alikuona.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sikukipata. Kola najua imepanda milimita ngapi. Hatua zilizoruka kwapani nimezihesabu nawe. Stika najua ni nyekundu. Shati lenyewe lilikuwa la rangi gani? Hukuandika. Vifungo vyake je? Lilikuwa la mikono mirefu au mifupi? Na alipata wapi vipimo vyako, mtoto aliyekuwa anashona kwa kujificha? Hujamuuliza. La mwisho ndilo lililoniuma mimi nisiyekujua: hukuniambia kama lilikuenea. Huwezi kuniambia, kwa sababu hukulivaa. Miezi mitatu mtoto wa watu amesubiri kuona jambo moja tu, baba yake yumo ndani ya shati, na wewe ulilipindua ndani nje likaishia hapohapo.

Usimdanganye. Atakujua kabla hujamaliza sentensi, na siku utakayomsifu kwa haki hatakuamini tena. Kunyamaza nako kufute. Hizo salamu na hiyo sahani anayokutengea usizihesabu kuwa amani. Ni mtu aliyeamua kutokuonyesha kitu chake tena, na ukimwacha wiki mbili atazoea.

Hilo la kutojua kushona nimelisikia na nimekuhurumia, maana ni zito kulibeba peke yako. Lakini liweke pembeni kwa sasa. Ukienda kwake ukaanza kulia kwamba wewe maisha yako yote hukushona kitu, itabidi yeye akubembeleze, na safari hii anayebembelezwa si wewe. Akishamaliza mtihani, muombe akufundishe kushona kifungo. Atakucheka, na umvumilie.

Ya leo ni haya, na ninaposema leo ni leo ukishalikunja gazeti. Roli ya stika itoe mfukoni ikalale kazini, si mali yako hata hivyo. Mlango wa chumba chake ubishe mwenyewe, usimtume mama yake, na shemeji asiwe hata karibu na nyumba. Mwambie makosa matatu yalikuwepo kweli, na kwamba hakuna aliyekuomba uyatafute siku ile, wala kuyaonyesha watu, na kwamba umemkosea. Ishia hapo. Ukisikia neno "lakini" linakuja, limeze.

Halafu mwambie lile uliloniambia mimi na yeye hujamwambia, kwamba macho yalijaa. Mimi msomaji wa barua nalijua, yeye aliyesimama mbele yako halijui, maana alikuwa anaitazama mikono yako. Mwambie pia ya siku ile ya bombani. Hayo aliyahitaji zamani, na hata sasa hayajachelewa.

Gazeti hili likikufikia zitakuwa zimebaki kama siku saba. Lile la kwanza lilichukua miezi mitatu kwa sababu alikuwa anakukwepa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, shati la kiume ni kazi ya siku tatu, akiwa na hasira siku mbili. Kitambaa achague yeye, usitie neno. Kinachobaki ni mwanamume wa kupimwa, na huyo ni wewe. Muombe akupime. Akikubali, simama wima, nyoosha mikono, usibane tumbo ili uonekane kijana, na usimfundishe namna ya kushika futi. Kwa mara moja acha mwingine akukague.

Huenda akakataa. Usimlazimishe, wala usimtafutie watu wa kumsihi. Rudi kesho na ombi lilelile, na keshokutwa. Ukibisha mara ya nne hata mlango wenyewe utakuwa umekuchoka. Makosa ya shati la pili, kama yatakuwepo, yana walimu wanaolipwa kuyatafuta.

Akikuletea, livae palepale, funga vifungo vyote mpaka cha juu, kisha umtazame usoni.