Kifaru Amepata Mnunuzi

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko, na wifi na watoto hawajambo? Huku sisi tu wazima. Goti la Mama limetulia tangu alipoacha kupanda ngazi kufukuza njiwa darini, na mimi nina afya tele, ila kucha zangu zina weusi ambao sabuni imeushindwa. Sababu utaijua ukiwa na subira. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii nataka uipate yote.

Kifaru ameuzwa.

Najua umesimama. Kaa tena, nikueleze. Uliponiagiza niiuze ile Landrova yako kuukuu, ulisema nimpe yeyote atakayekubali kuiondoa uani. Hukusema kazi yenyewe ilivyo ngumu. Ulimwacha Kifaru nusu mtu, nusu mzuka: mbele kijani inayong'aa, nyuma bado rangi ya msingi tu, ya kijivu, kiti cha dereva kipo, cha abiria hakipo, na injini vipande vipande ndani ya mabeseni ya Mama. Mama alikuwa akimwita mgeni asiyeaga, na kila akianika nguo alimzunguka huku akisonya.

Wa kwanza kuja alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alimtazama Kifaru kama mchinjaji anavyomtazama ng'ombe, akauliza kama anaweza kumkata papo hapo ili apunguze safari. Utashangaa nani alimfukuza. Mama huyo huyo aliyekuwa akisonya alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia gari hili lina wenyewe. Baadaye akaja mwenye hoteli, bwana mwenye adabu zake, aliyetaka kumweka langoni na kupanda maua ndani ya boneti. Huyo nilikaribia kumkubalia. Nikamwambia nitamjulisha, na mpaka leo sijamjulisha.

Ndipo akaja daktari wa mifugo. Ni mama mtu mzima, mrefu, ana buti za mpira na sauti ya kuitia mbali. Habari ya rangi hakuiuliza kabisa. Alilala chali kwenye mchanga, akajisogeza chini ya gari, akawa anagonga chuma kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza, kana kwamba anampima ndama kifua. Alipotoka alituambia kwamba amestaafu, lakini wafugaji wa ng'ambo ya milima wanazidi kumwita, na magari mapya yamemtesa. Kidude kimoja kikifa, gari zima linalala kwenye tope mpaka atokee mtu mwenye kompyuta. Yeye anataka gari ambalo likigoma mtu anavua koti, anashika spana, na safari inaendelea.

Kisha akaomba asikie injini.

Kaka, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kifaru alikuwa hajawahi kuwaka tangu umlete hapa nyumbani akiwa amefungwa nyuma ya lori. Niliingia nikageuza ufunguo. Akakohoa, akanyamaza. Nikageuza tena, akatema moshi mweusi juu ya mashuka ya Mama, akanyamaza. Daktari akaanza kujifuta mikono taratibu, kama mtu anayetafuta maneno ya kuagia. Nikaruka chini, nikafungua boneti, nikachomoa mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta na kuupuliza kwa nguvu zangu zote. Uchafu ukatoka na petroli ikanijaa mdomoni. Nikarudisha mpira, nikakaza, nikarudi kwenye usukani huku natema mate.

Akanguruma. Vioo vya madirisha vilitetemeka na kuku wakapotelea kwa jirani. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani bila kujali nani ananiona.

Daktari akaja dirishani. "Injini hii amefunga nani?"

Nilimgeukia Mama. Yeye akanitangulia. "Ni huyu hapa. Anadhani sijui."

Basi ndiyo hivyo, kaka. Ni mimi. Tangu ulipoondoka, kila siku yangu ya mapumziko nilikuwa kwenye yale mabeseni. Fundi wa gereji ya jirani alinielekeza, akanicheka, akanielekeza tena. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ningeshindwa, nawe ungenipa pole.

Lakini nina zito zaidi. Daktari alisema gari bila mimi halitaki. Anataka fundi na dereva wa kuzunguka naye, kwa mshahara unaoeleweka. Aliniambia nitafakari, naye akaketi anywe chai. Chai yake haikupoa. Nimeacha kazi ya bima, kaka, kiti kile kile ulichohangaika kunitafutia, ukavaa tai uliyoichukia ili uniombee. Sikukiacha kwa dharau. Kilinilisha vizuri. Ila pale nilikuwa nangoja saa ya kutoka, na huku nasahau kula.

Mama usimhofie. Binti wa shangazi amehamia kwetu na mizigo yake yote. Kiti cha abiria kakishona Mama mwenyewe kwa kitambaa cha lile kochi la zamani, kisha akadai awe wa kwanza kukikalia. Nilimzungusha mtaa mzima, akawa anawapungia watu mkono kama anakagua gwaride.

Siku uliyomnunua Kifaru uliniambia faraghani kwamba ipo siku utakwenda naye mpaka lami iishe, kisha uendelee. Watoto wakaja, kazi ikakuita, hukupata nafasi. Jumatatu alfajiri tunaondoka. Lami ikiisha nitasimama kidogo, nizime injini, nikutaje kwa jina, halafu niendelee.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu mashavuni kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu sana, anasema mashuka mapya utanunua wewe. Ukiona lazima unikasirikie, nikasirikie polepole. Huko niendako barua hazifiki upesi.

Wako mdogo,
Fundi