Niliuza Pikipiki, Ikaondoka na Wateja Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama kumbe mkubwa ni mimi basi utanirudishia siku nyingine, leo nimeshikwa pabaya na sina nafasi ya kupanga salamu. Naomba unisaidie kuamua jambo moja tu kabla ya Jumapili: nibaki na pikipiki yangu mpya, toleo la juzi juzi, inayometa mpaka najitazamia ndevu kwenye tangi lake, au niitoe nirudishiwe ile kuukuu niliyoiuza mwenyewe kwa mikono yangu huku nikicheka. Usiniambie hili ni swali la fundi. Kwa fundi nimeshakwenda, na ndiye aliyesema nikuandikie wewe.

Mimi ni muuza maziwa. Nayachukua kwa wafugaji kungali giza, nafunga madumu nyuma, nazunguka vichochoro vya mtaa wetu kabla watu hawajawasha majiko, na kazi hiyo kwa miaka mingi nimeifanya na pikipiki ambayo mtaa mzima uliibatiza Kikohozi, kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa limeoza, ukizungusha mafuta tu kinakohoa, koh koh koh, kinanyamaza kidogo kama kinatafuta pumzi, halafu kinatoa kishindo kimoja, pwaa! Hiyo pwaa, mshauri, ndiyo iliyokuwa inawatoa watu kitandani. Mlango unafunguka, mkono unatokeza na sufuria, mwenye mkono macho bado ameyafumba, napima, narudisha sufuria, mlango unafungwa. Wapo wateja nimewapimia miaka yote hiyo na sura zao sizijui, nawajua kwa mikono.

Sasa mke wangu Kikohozi hakukipenda hata siku moja, na sisemi alikosea, maana nikikiwasha uani mtoto anaamka analia, nguo za kwenye kamba zinanuka moshi kabla hazijakauka, na siku tuliyokwenda kwenye harusi ya mdogo wake kilipiga ile pwaa pale pale getini, bibi harusi akatupa maua juu, mashemeji wakanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tafuta pikipiki inayofanana na watu." Nikajikaza kisabuni, nikanunua hii mpya. Haina sauti kabisa, inapita kama paka anayetoka jikoni na kosa lake. Mke wangu siku hizi anapanda kanyoosha mgongo, mtoto analala mpaka jua linachomoza, na mimi mwenyewe nikawa natembea pua juu.

Kikohozi nikakiuza kwa jamaa mmoja mrefu tunayemwita Koti, kwa kuwa hana siku asiyovaa koti, kuwe jua kuwe mvua. Aliniambia anataka cha kubebea kuku. Nikamwambia kwa roho safi, ndugu yangu, kina kelele hiki, akanijibu kuku hawana neno. Kuku gani, mshauri! Asubuhi ya kwanza na pikipiki mpya niliingia kichochoro cha kwanza, kimya, nikaingia cha pili, kimya, milango yote imefungwa, nikadhani mtaa umehama. Ndipo nikasikia mtaa wa nyuma, koh koh koh, halafu kile kimya chake, halafu pwaa! Na milango ikaanza kufunguka. Nikachungulia konani nikamwona Koti juu ya Kikohozi changu, madumu nyuma, anapima maziwa, na mikono ya wateja wangu yote iko nje na sufuria, hata mmoja wao hakufungua jicho kuangalia anampa nani.

Nimejaribu kila njia. Nilipiga honi, akatoka mzee mmoja na ufagio akiniuliza namwita binti yake kwa ruhusa ya nani. Nilimwomba fundi anitobolee bomba la hii mpya ikohoe kidogo tu, akaweka spana chini akasema, "Wewe huhitaji fundi, unahitaji mtu wa kuzungumza naye." Na asubuhi nyingine, hili tafadhali usilitoe gazetini, nilizima injini pale konani nikakohoa mwenyewe kwa mdomo, koh koh koh, nikasubiri kidogo kama inavyotakiwa, nikapiga na pwaa, dirisha likafunguka, mama mmoja akaniambia pole sana, hicho kifua kakipimishe. Tangu siku hiyo nimefanya la aibu zaidi: namfuata Koti nyuma nyuma, taa nimezima, yeye akipiga kishindo na watu wakitoka, mimi natokea upande wa pili na dumu langu nawawahi wawili watatu. Kuna aliyesema, tena kwa sauti, "Leo Kikohozi kimekuja na mtoto wake." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe.

Lakini lililonivunja moyo ni la juzi. Kuna bibi mmoja, mteja wangu wa tangu mwanzo, huniita mume wangu kwa utani, nikakutana naye dukani mchana kweupe, akanishika mkono. "Mume wangu," akasema, "nimekukosea nini? Siku hizi maziwa yako nikiyatazama naona chini ya sufuria." Nikamwambia, "Bibi, si mimi huyo, ni Koti." Akasema, "Koti lipi? Macho yangu yamechoka, sawa, lakini masikio bado ninayo. Kikohozi nimekisikia mwenyewe mlangoni." Dukani wote wakanigeukia. Nilitamani kulia, mshauri, sikufichi. Kunyang'anywa wateja nilikuwa nimeanza kuzoea, lakini kuitwa mtia maji, mimi ninayewafukuza wafugaji wakinichanganyia hata tone! Niliondoka dukani nimesahau kilichonipeleka.

Sasa Koti kaja nyumbani kwa upole mwingi, anasema ananionea huruma, yuko tayari tubadilishane kichwa kwa kichwa, mimi nichukue Kikohozi na yeye achukue hii mpya, na Jumapili anataka jibu. Mke wangu anasema Kikohozi kikiingia uani yeye na mtoto wanatoka kwenda kwa mama yake, na hatanii, nguo za mtoto ameshazikunja ziko juu ya kiti. Anasema kama nataka wateja nipige kelele kama wauza mboga, niseme maziwaaa, kwani nimefungwa mdomo? Hilo siwezi, sauti yangu ni nyembamba, hata nikipiga simu naambiwa ndiyo mama, tuliache hilo. Mimi nataka kujua tu nichague ipi, kuukuu yenye wateja au mpya yenye amani nyumbani, maana zote mbili kwa pamoja naona sijaandikiwa.

Ni mimi,
Baba Kikohozi nisiye na Kikohozi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mkubwa ni mimi, hilo liondoe kichwani. Halafu nikuombe radhi mapema: lile la kukohoa konani uliniomba nisilitoe gazetini, nami nimelitoa. Nimejaribu kulikata, nikalirudisha. Mhariri wangu hajacheka tangu mwaka huu uanze, na jana alifunga mlango wa ofisi yake akabaki humo na barua yako.

Sasa tusicheke. Pole kwa la dukani. Mtu aliyejitunza miaka yote hiyo akaambiwa mbele za watu anauza maji, ana haki ya kuumia, na mimi nimeumia pamoja na wewe. Lakini baba, hebu tuambiane ukweli. Ulikuwa na mtaa mzima wa wateja, na ukimtoa bibi yako wa utani, hakuna hata mmoja ambaye uliwahi kumwambia habari za asubuhi! Mikono unaijua, sura huzijui. Na wao wakujue kwa kipi? Walikuwa wananunua maziwa kwa pikipiki, wewe ulikuwa dereva wake tu. Ulipoiuza, ukauza na duka. Koti amekudanganya kuhusu kuku, na kuwaacha watu waamini kuwa yeye ni wewe ni uhuni, simtetei. Ila zile kelele ulimuuzia mwenyewe, tena ulimtangazia.

Na huko kumfuata nyuma nyuma umezima taa kuna maana gani? Mtu mzima, baba wa mtoto, ana pikipiki mpya ya kujitazamia ndevu, anajibanza gizani nyuma ya koti la mwenzake! Koma leo. Ipo siku atafunga breki ghafla, na mtaa utapata maziwa ya bure barabarani.

Tuje kwenye swali lako. Mtu mwenye wateja wote wa mtaa anakuja kwako kwa upole eti mbadilishane, nawe hujajiuliza kwa nini? Mimi nimejiuliza kwa niaba yako. Ile pwaa zamani ilikuwa inasema maziwa mazuri yamefika. Koti ameichezea, sasa inasema maji yamefika. Bibi ameshaona chini ya sufuria, na wengine wataona, wakishafumbua macho. Koti analijua hilo kuliko wewe. Anataka akuachie kelele na lawama, yeye aondoke na pikipiki nzima, na wewe Jumatatu upite mlango kwa mlango ukijitangaza kwa kishindo kwamba mtia maji ni huyu hapa. Hiyo ndiyo huruma yake. Kikohozi hata akikupa bure usikipokee, hata akikuongezea na koti.

Kwa hiyo chagua mpya. Hapo tumemaliza, na kama ulitaka hilo tu, funga gazeti.

Lakini umeandika neno moja ukasema tuliache. Hatuliachi. Kuhusu pikipiki umenijazia karatasi mbele na nyuma, kuhusu sauti yako umenipa mstari mmoja, tena kwa herufi ndogo mpaka niliupeleka dirishani kuusoma. Ndilo hilo. Kikohozi hukukipenda kwa uzuri wake, kilikuwa kinasema kwa niaba yako na wewe umejificha nyuma ya dumu. Ukainunua hii isiyosema, ndipo ukagundua kuwa nawe husemi. Yaani uko radhi kukohoa mbele ya watu kama mgonjwa, kufukuzwa na ufagio, kuitwa mtoto wa pikipiki, mkeo akunje nguo za mtoto, yote hayo yakutokee, ili mradi usitamke maziwa. Aibu hizo zote umeshazivumilia, imebaki hii ndogo unaiogopa!

Sauti nyembamba ina kasoro gani? Alfajiri mtaa mzima umelala, sauti nene inaishia ukutani, nyembamba inapita chini ya mlango. Wakikuita mama, itika. Mtaani kwenu kuna muuza maziwa mwingine anayeitwa mama? Hakuna. Basi hakuna atakayewachanganya tena, na hiyo sauti hata Koti akija na maneno yote ya kuku hana pa kuinunulia.

Sasa nisikilize. Jumapili usiisubiri. Nenda kwa Koti leo, umjibu umesimama, usikae, usinywe chai yake, umwambie pikipiki yangu sibadilishi. Usigombane naye na usimtaje kwa mtu, maji yake yatamtaja. Ukitoka hapo rudi nyumbani, nguo za mtoto zichukue pale kwenye kiti uzirudishe kabatini kwa mkono wako, mkeo akiona. Huyo mama hakuwakataa wateja wako, alikataa moshi, na dawa ya tatizo lako alikwambia kabla yangu, bila gazeti. Mwombe radhi kwa kunichosha mimi na jambo ambalo yeye alishalimaliza.

Kisha bibi. Mpelekee maziwa mchana, kweupe, mbele ya majirani, mwambie atazame kwenye sufuria yake mpaka achoke. Kama haoni chini, mwambie, "Mke wangu, haya ndiyo yangu, na kuanzia kesho nitakuwa nakuita mwenyewe kwa mdomo wangu, sikio lako linishike vizuri." Mwache aende dukani. Waliokugeukia siku ile atawageuza yeye, wala hutahitaji tangazo.

Halafu kesho alfajiri, kona ya kwanza, zima injini, washa taa wakuone sura, panua kinywa useme maziwaaa, kwa sauti hiyo hiyo uliyopewa, usiinenepeshe. Najua utaona aibu. Na wapo watakaocheka, sikudanganyi, wapo watakaofungua mlango wajue ni mama gani huyo anayeuza maziwa. Mwanangu, huyo anayecheka ameshaamka, ameshafumbua macho, na ameshatoka nje. Mpimie.