Ukuta wa Watu wa Tenori

Mshauri wetu wa redio, nisikilize mimi mama wa hapa mjini Baraka kabla mvua haijanitangulia.

Fundi Isidore ametuambia jana asubuhi kwamba hataweka hata bati moja juu ya nyumba yetu mpya mpaka ukuta mmoja ubomolewe, na mimi ndiye wa kwanza kuujua ubovu wa ukuta huo na wa kwanza kuuficha. Mume wangu anaongoza kwaya, na mwezi wa saba kwaya nzima ilikuja kutufanyia salongo, kazi ya pamoja ya bure, jambo ambalo sitalisahau, matofali ya kuchoma yalikuwa tayari, udongo wa kujengea tulishaukanyaga, Isidore alishamaliza msingi, basi mume wangu akagawa kuta kama anavyogawa sauti, soprano mbele, alto nyuma, besi upande wa barabara, tenori upande wa chumba cha watoto, akawaanzishia wimbo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana tenori na besi hawajawahi kukubali kushindana kwa adabu. Alphonse, muuza samaki wadogo wa ndagala, mkubwa wa tenori, alikuwa anapiga kelele, “Nyie babesi, munajenga ao munalala?” na besi wanajibu, “Mupande tu, batenori, mulizoea kupanda juu bila kupima!” na kila ubeti safu nyingine ya matofali, Isidore anasema polepole jamani, nani wa kumsikia, na jioni ukuta wa tenori ulikuwa umefika juu ya dirisha na wenyewe wanacheza mbele yake.

Baada ya wiki mbili nikaona ufa kando ya dirisha, kidole kinaingia, na badala ya kusema nikatundika kitenge, wageni wakija wananiambia, “Mama, we unapamba nyumba mbele ya kuweka bati!” nami nacheka nao, mpaka jana Isidore alipokuja kupima mbao za paa akakisogeza. Mume wangu akamwambia, “Ukuta hii balijenga batu ba Mungu.” Isidore akajibu, “Sawa, papa, lakini ikianguka batasema ni ya Isidore.” Mume wangu hataki kubomoa kazi ya ndugu zake, anasema Siku ya Mungu, Jumapili kanisani, atawatazama vipi usoni, na kuna fundi mwingine anayesema atausiliba vizuri ufa usionekane tena, na vitanda vya watoto wangu watatu vitakaa chini ya ukuta huo huo. Nisiseme nikalinda kwaya, au niseme nikaivunja? Ufiche jina langu.

Mama wa Kitenge

JIBU

Mama wa Kitenge, jina nimelificha. Lakini kwaya iliyojenga nyumba kwa sauti nne ni moja tu Baraka nzima, kwa hiyo jiandae kusalimiwa sokoni.

Jumatano nilimtafuta Isidore, masoni, fundi wa kuta mwenye miaka ishirini na sita kazini. Alinipa hesabu ya timazi: ukuta umeinama sentimita sita katika urefu wa mita mbili na nusu. Matofali yaliwekwa makavu, yakanywa maji ya udongo kabla haujashika. Kando ya dirisha maungio saba yamesimama moja juu ya jingine, tofali halikukatiza tofali, na ufa umepita humo kama mtu anayepita mlangoni. Kuta tatu nyingine ni nzima. Nikamwuliza: hata wa besi? “Hata ya besi.” Samahani kwa watu wa tenori, hiyo ndiyo habari.

Sasa wewe. Mtoto akipata homa, unamfunika kitenge kipya na kusema amepona? Ufa ulikuambia mapema, ukaunyamazisha, ukacheka na wageni. Huyo fundi wa kusiliba mpe asante na umwonyeshe njia. Anachokuuzia ni kitenge kingine, tena cha udongo.

Mumeo namwelewa, watu waliokupa jasho lao bure ni vigumu kuwakosoa. Lakini namjua akiwa kazini. Mtu mmoja akikosea, anasimamisha wimbo, anarudisha wote mwanzo, na hakuna anayenuna. Mwulize kwa nini ukuta wa chumba cha watoto wake haupewi haki hiyo.

Halafu kuna jambo hamlijui nyinyi wawili. Isidore hununua ndagala kwa Alphonse. Wiki iliyopita Alphonse alimwambia, huku akipima, “Ile ukuta tuliiona inapinda siku ile ile. Tunangojea chef wa kwaya aseme. Tukisema sisi, babesi batatuchekea mpaka Noeli.” Ndiyo hivyo, mama. Unawaficha watu kitu wanachokuficha wewe.

Basi mumeo amwendee Alphonse leo, aseme kwa mdomo wake. Wabomoe tenori wenyewe. Udongo unaachia, matofali mengi yatarudi kazini. Yasafishwe, yaloweshwe kwenye maji kabla ya kuwekwa. Kila tofali likalie maungio ya mawili yaliyo chini yake. Safu sita kwa siku, kisha mikono chini, hata kama wimbo haujaisha. Isidore apime kila safu, na neno lake liwe la mwisho. Besi wakija, wachote maji. Anayecheka achote mara mbili.

Isidore yuko huru Jumamosi, tarehe 6 Septemba, saa moja asubuhi. Kitenge kiondoe wewe mwenyewe, kabla hawajafika.